Mficha Uchi Hazai: Lugha ya Staha na Ugonjwa wa Malengelenge ya Sehemu za Siri

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya lugha ya staha na utunzaji wa afya kwa kuangazia ugonjwa wa malengelenge ya sehemu za siri. Yanaeleza ugonjwa wenyewe ni nini, unavyoambukizwa, unavyotibiwa na ni wakati gani mtu anapaswa kumwona daktari. Hoja kuu ni kwamba tafsida, ambayo ni pambo la adabu katika mazungumzo ya kawaida, hugeuka kuwa kizuizi katika chumba cha daktari. Aidha, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kumwezesha mgonjwa kusema kweli bila kuvunja heshima.

UTANGULIZI

Methali isemayo mficha uchi hazai ni miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri mapema na kuzifafanua kijuujuu. Katika madarasa mengi hufunzwa kwamba mwenye shida sharti aieleze ndipo asaidiwe. Maana hiyo ni sahihi. Hata hivyo, picha iliyoizaa methali yenyewe ni ya chumba cha uzazi. Mja mzito amefikwa na uchungu, mkunga yuko mbele yake, naye mama anaona haya kujifunua. Haya hizo zikizidi, uhai wa mama na wa mtoto humo hatarini.

Makala haya yanairudisha methali hii katika chumba hicho. Upo ugonjwa ambao kwa watu wengi si tishio la uhai, unaotibika kwa kiasi kikubwa, na ambao mtu anaweza kuishi nao hadi uzeeni akifanya kazi, akioa au kuolewa na kupata watoto. Ugonjwa huo ukifichwa, hasa mwishoni mwa ujauzito, unaweza kumuua mtoto katika majuma ya kwanza ya maisha yake. Huo ni ugonjwa wa malengelenge ya sehemu za siri.

Mtaalamu wa tiba ataujadili ugonjwa huu kwa upande wa virusi na dawa. Mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kuongeza, kwa kuwa safari ya kutafuta tiba huanza kwa maneno. Mgonjwa hupaswa kwanza kujiambia ana nini, kisha kumwambia mwenzake, kisha kumwambia daktari. Neno likikosekana au likikwepwa katika hatua yoyote kati ya hizo, safari hukatika.

MAJINA YA UGONJWA NA HUKUMU ILIYOMO

Ugonjwa huu huwekwa katika kundi linaloitwa magonjwa ya zinaa. Istilahi hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuchunguzwa. Neno zinaa lina asili ya Kiarabu na maana yake ni tendo la ngono nje ya ndoa, yaani tendo linalohesabiwa kuwa dhambi. Hivyo basi, jina hilo halielezi tu njia ya maambukizi. Linatoa hukumu pia. Mke ambaye hajamjua mwanamume mwingine ila mumewe, naye akaambukizwa nyumbani mwake, huelezwa kwamba ana ugonjwa wa zinaa ilhali hakuzini. Si ajabu kwamba atasita kulitamka jina hilo mbele ya watu waliopanga foleni zahanati. Istilahi magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana ni ndefu, lakini ina fadhila moja: inasema namna ugonjwa unavyosafiri na kunyamaza hapo.

Neno sehemu za siri nalo ni tafsida. Linastahili kuwapo, maana si kila mahali pafaapo kutajwa viungo hivyo kwa majina yake. Tatizo huzuka pale siri ya kiungo inapogeuka kuwa siri ya ugonjwa, mtu akaamini kwamba kidonda kilicho mahali pa siri nacho hakina budi kuwa siri.

Jina la kitaalamu, hepesi, halina lawama yoyote. Lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kutambaa, kwa jinsi vidonda vinavyoonekana kusambaa juu ya ngozi. Virusi vya hepesi ni ukoo mkubwa. Tetekuwanga na mkanda wa jeshi husababishwa na kirusi cha ukoo huohuo, ingawa si kile kinacholeta malengelenge ya sehemu za siri. Hakuna amwonaye mtoto mwenye tetekuwanga kuwa amepotoka kimaadili.

UGONJWA WENYEWE

Malengelenge ya sehemu za siri husababishwa na virusi viwili vya hepesi simpleksi, aina ya kwanza na aina ya pili. Aina ya kwanza kwa kawaida hupatikana utotoni kwa njia ya mate au kubusiwa, na huleta vidonda vya mdomoni, vile ambavyo watu husema kwamba homa imemtokea mtu mdomoni. Msemo huo una ukweli ndani yake. Homa, malaria ikiwemo, hukiamsha kirusi kilichokuwa kimelala mwilini, ingawa si homa iliyokileta. Aina hii inaweza pia kuhamia sehemu za siri kwa ngono ya mdomo. Aina ya pili huambukizwa hasa kwa kujamiiana, na ndiyo inayojirudiarudia zaidi.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana kirusi cha aina ya pili, na watu bilioni 3.8 wenye umri wa chini ya miaka 50 wana kile cha aina ya kwanza. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2007 ulibainisha kwamba takriban asilimia 35 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na kirusi cha aina ya pili. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa takriban asilimia 42, na miongoni mwa wanaume takriban asilimia 26. Ni bayana kwamba jambo linalompata mtu mmoja kati ya kila watatu haliwezi kuwa alama ya tabia ya kundi fulani la watu.

Wengi wa walio na kirusi hiki hawajui kwamba wanacho. Dalili zao ni hafifu, au hazipo kabisa, au hudhaniwa kuwa ni mkwaruzo wa wembe, chunusi, ama kuumwa na mdudu. Hata hivyo, kirusi kinaweza kutoka juu ya ngozi na kumwambukiza mwingine wakati hakuna kidonda kinachoonekana. Ndiyo maana mtu anaweza kumwambukiza mwenzake bila kujua na bila kukusudia.

LENGELENGE, KIDONDA, KIGAGA: MWENDO WA UGONJWA

Mwendo wa ugonjwa huu unaweza kufuatwa kwa maneno ya kawaida ya Kiswahili, mradi kila neno litumiwe kwa maana yake halisi. Kipele ni uvimbe mdogo wa ngozi. Lengelenge lina maji ndani yake. Jipu lina usaha. Kidonda ni ngozi iliyopasuka au kuchimbika. Kigaga ni ukoko unaofunika kidonda kinachopona. Mgonjwa anayesema ana vipele wakati ana malengelenge humwelekeza tabibu kwenye njia nyingine.

Baada ya kuambukizwa, dalili zikitokea huanza kwa kawaida kati ya siku 2 na siku 12. Mara ya kwanza ndiyo kali zaidi. Mtu huweza kupata homa, kuumwa na kichwa na viungo, na kuota mitoki, yaani uvimbe wa tezi za kinena. Malengelenge madogo hutokea kwa mafungu kwenye uume, mashavu ya uke, msamba, matako, mapaja au karibu na njia ya haja kubwa. Baada ya siku chache hupasuka na kuwa vidonda vyenye maumivu. Mkojo ukivigusa huchonyota kama chumvi kwenye jeraha. Hatimaye vidonda hufanya vigaga na kupona, kwa kawaida bila kuacha kovu. Bila dawa, safari hii ya kwanza huchukua majuma mawili hadi manne.

Vidonda vikipona, kirusi hakitoki mwilini. Hufuata mishipa ya fahamu na kwenda kulala kwenye vifundo vya mishipa hiyo karibu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Huko huweza kukaa miezi au miaka. Kinapoamka hurudi kwa njia ileile hadi kwenye ngozi. Uchovu, maradhi mengine, hedhi au msongo wa mawazo huweza kukiamsha. Watu wengi hupata onyo saa chache au siku moja kabla ya malengelenge kutokea: mwasho, ganzi au mchonyoto mahali palepale. Marudio huwa mafupi na mepesi kuliko mara ya kwanza, na kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyopita.

TAFSIDA KATIKA CHUMBA CHA DAKTARI

Sajili ya hospitalini hufunzwa tangu shule za upili. Mwanafunzi huambiwa kwamba ni lugha yenye msamiati maalumu, yenye maswali na majibu, na yenye tafsida. Sifa hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa upya. Tuchukue mazungumzo yafuatayo ya kubuni baina ya tabibu kijana na mja mzito aliyemzidi umri.

Tabibu: Karibu, mama. Unaumwa wapi?
Mgonjwa: Ni huku chini, daktari. Ni mambo ya kike tu.
Tabibu: Kunawasha?
Mgonjwa: Kunawasha kidogo.
Tabibu: Unatokwa na uchafu?
Mgonjwa: Si sana.
Tabibu: Haya mama, nitakuandikia dawa ya kuvu. Utapaka kwa siku saba.

Mazungumzo haya yana adabu tele. Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Hata hivyo, hakuna lililosemwa. Huku chini inaweza kuwa mahali popote kuanzia kitovuni hadi magotini. Mambo ya kike ni kitambaa kinachofunika maradhi kumi. Kidogo na si sana ni maneno ya kumwondolea msikilizaji usumbufu, si ya kumpa habari. Tabibu naye, kwa kumstahi mama aliye rika la mamake, hakuomba kumtazama. Mgonjwa anarudi nyumbani na dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Yalinganishwe na maneno haya ya mgonjwa huyohuyo:

Mgonjwa: Daktari, nina malengelenge kwenye mashavu ya uke. Yalitokea juzi, na sijawahi kuyapata kabla. Sasa yamepasuka, na mkojo ukiyagusa unanichonyota. Mimba yangu ina miezi minane.

Hapa hakuna tusi hata moja. Sentensi ya kwanza imetaja aina ya kidonda na mahali kilipo. Ya pili imeonyesha muda na kwamba hii ni mara ya kwanza. Ya tatu imemwezesha tabibu kutofautisha maumivu ya mkojo unaogusa kidonda kwa nje na yale ya ndani ya njia ya mkojo, ambayo ni dalili ya maradhi mengine kama kisonono. Ya nne imebadilisha kila kitu, kama itakavyoelezwa. Maneno uke, uume, msamba, kinena na korodani ni Kiswahili sanifu na yamo kamusini. Si matusi. Matusi yana maneno yake, na kila mzungumzaji anayajua.

Lawama si ya mgonjwa peke yake. Mlango ulioachwa wazi, muuguzi anayeuliza kwa sauti ya kusikika ukumbini, au swali kama haya umeyatoa wapi, humfundisha mgonjwa kusema mambo ya kike. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na inalinda faragha yake. Katiba hiyohiyo inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mgonjwa anaponong'ona kwa Kiswahili, anapaswa kupata anayemsikiliza kwa Kiswahili.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: malengelenge au kidonda chochote kinachotokea sehemu za siri kwa mara ya kwanza kinastahili kuonwa na mhudumu wa afya, na ni vyema iwe katika siku za mwanzo, kabla hakijafanya kigaga. Wakati huo ndipo dawa hufanya kazi bora, na ndipo majimaji ya kidonda yanaweza kupimwa pale penye maabara. Aliyechelewa asikate tamaa. Na aende hivyo hivyo.

Kutokuwepo kwa maumivu si sababu ya kukaa nyumbani. Kidonda kimoja kigumu kisichouma huweza kuwa kaswende, ambayo huponywa kwa penisilini, na ambayo ikiachwa huweza kudhuru moyo, ubongo na mtoto aliye tumboni. Pangusa nayo huleta vidonda vyenye maumivu. Kwa macho pekee maradhi haya huweza kufanana, na ndiyo sababu kununua dawa dukani kwa kukisia au kupaka chumvi, dawa ya meno na majani ni kupoteza muda. Mwenye kidonda apimwe pia kaswende na virusi vya UKIMWI.

Zipo hali ambazo hazingoji kesho.

Kwanza, mja mzito mwenye dalili hizi, au ambaye mumewe anazo, amweleze mkunga au daktari mara moja. Hatari kubwa ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, maana mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga na kumgawia mtoto. Katika hali hiyo, uwezekano wa mtoto kuambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kati ya asilimia 30 na 50. Kwa mama ambaye ana kirusi cha siku nyingi, uwezekano huo ni chini ya asilimia 1. Mama akiwa na vidonda au dalili za onyo wakati wa uchungu, kwa kawaida madaktari hupendekeza upasuaji wa kujifungua. Hayo yote hutegemea jambo moja, kwamba mama amesema.

Pili, mtoto mchanga mwenye malengelenge ya ngozi, homa, au mwili uliopoa, anayekataa kunyonya, anayelegea au kupata degedege katika majuma ya kwanza, apelekwe hospitalini saa hiyohiyo. Malengelenge huenda yasionekane kabisa. Mwenye vidonda vya mdomoni naye asimbusu mtoto mchanga, awe bibi, shangazi au jirani.

Tatu, mgonjwa anayeshindwa kupitisha mkojo, au anayepata maumivu makali ya kichwa pamoja na shingo kukakamaa, macho kuumizwa na mwanga, au kuchanganyikiwa, anahitaji matibabu ya dharura. Vilevile jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, kwani kirusi hiki huweza kulidhuru jicho.

Nne, mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, matibabu ya saratani au dawa nyinginezo, asingoje vidonda vipone vyenyewe. Vidonda vya hepesi vinavyodumu kwa zaidi ya mwezi mmoja ni miongoni mwa dalili ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa za UKIMWI uliokomaa.

Tano, mtoto mdogo akionekana na vidonda katika sehemu hizo apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Huenda ukawa ni ugonjwa mwingine, lakini pia huenda amedhulumiwa, na hapo lugha ya kuficha humlinda mkosaji.

Mwisho, hata asiye na dharura ana sababu ya kurudi kwa daktari ikiwa malengelenge humrudia mara nyingi, tuseme mara nne hadi sita au zaidi kwa mwaka, au ikiwa wasiwasi umemnyima usingizi na raha ya ndoa. Huzuni nayo ni maradhi ya kutibiwa.

MATIBABU NA MIPAKA YAKE

Hakuna dawa inayokiondoa kirusi hiki mwilini, wala hadi sasa hakuna chanjo yake iliyoidhinishwa. Dawa za viuavijasumu haziviui virusi, ingawa tabibu anaweza kuzitoa ikiwa anashuku kaswende au pangusa. Katika vituo vingi nchini, mgonjwa hutibiwa kwa kufuata dalili zake, na hivyo anaweza kupewa dawa za maradhi zaidi ya moja kwa pamoja. Asidhani kwamba amefanyiwa makosa.

Dawa ya hepesi itumikayo zaidi ni asaiklovia. Inatokana na kazi ya kundi la wanasayansi lililomhusisha Gertrude Elion, mwanamke wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Ubora wake ni kwamba huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, hivyo hushambulia hasa chembe zilizoambukizwa na kuziacha nyingine. Kwa mara ya kwanza, kidonge humezwa kwa siku 7 hadi 10. Kwa marudio, mgonjwa aliyekwisha kuandikiwa dawa huianza mara ahisipo onyo, au katika siku ya kwanza ya malengelenge. Yule anayerudiwa mara nyingi huweza kupewa ya kumeza kila siku. Kuosha vidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kuvaa nguo za pamba zisizobana na kumeza dawa ya kutuliza maumivu huleta nafuu, lakini si mbadala wa matibabu.

Kuhusu kinga, wapenzi wasijamiiane tangu onyo linapohisiwa hadi vidonda vipone kabisa. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, maana haifuniki ngozi yote inayoweza kuwa na kirusi. Kirusi cha aina ya pili huongeza takriban mara tatu uwezekano wa mtu kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Kutokana na hilo, watafiti walitaraji kwamba kuitibu hepesi kungepunguza maambukizi ya UKIMWI. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulihusisha jozi 3,408 za wanandoa na wapenzi. Asaiklovia ilipunguza vidonda vya hepesi kwa asilimia 73, ila haikupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI baina ya wenzi. Funzo ni kwamba kila ugonjwa una dawa na kinga yake, na kimoja hakisimami mahali pa kingine.

NANI ALILETA? LUGHA YA LAWAMA

Swali ambalo huvunja nyumba nyingi kuliko ugonjwa wenyewe ni nani alileta. Katika Kiswahili kitenzi kuleta kinahitaji mtendaji, kama kwamba mtu alikwenda mahali, akachukua mzigo, akaubeba hadi nyumbani. Kirusi hiki hakiheshimu sarufi hiyo. Kwa kuwa huweza kulala kwa miaka bila dalili, malengelenge ya kwanza kuonekana si ushahidi kwamba maambukizi ni ya juzi. Mume au mke anaweza kuwa aliingia katika ndoa akiwa nacho bila kujua. Anaweza pia kuwa alikipata kwa mwenzake asiyewahi kuona kidonda maishani. Tena, ikiwa ni kirusi cha aina ya kwanza, huenda kilitoka kwenye kidonda cha mdomoni.

Haya hayasemwi kuficha uzinzi pale ulipo. Yanasemwa kwa sababu daktari hawezi kutazama kidonda na kutaja siku kilipoingia, na kwa hivyo ndoa haifai kuhukumiwa kwa kidonda pekee. Kauli iliyo karibu zaidi na ukweli ni hii: mmoja wetu, au sote wawili, tuna kirusi hiki, twende tukapimwe. Kauli hiyo haina mtendaji wa kuadhibiwa, na ina kitenzi cha kuwatoa wote wawili nyumbani.

HITIMISHO

Kenya ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, maneno mengi yaliyokuwa yakinong'onwa yalianza kusikika redioni, shuleni na katika nyumba za ibada. Fasihi nayo haikubaki nyuma. Riwaya ya Ua la Faraja ya William Mkufya, iliyochapishwa mwaka 2004, ni kielelezo kimoja cha jinsi waandishi wa Kiswahili walivyolikabili gonjwa hilo bila kulizungusha. Lugha haikuharibika kwa kutamka kondomu, na adabu haikutoweka. Malengelenge ya sehemu za siri bado hayajapata nafasi hiyo, labda kwa sababu hayaui watu wengi. Lakini uchache wa vifo haumaanishi uchache wa mateso.

Kazi inayowakabili wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hapa ni ya kawaida mno. Mabango ya zahanati, vijitabu vya kliniki za wajawazito na vipindi vya redio huandikwa na kutafsiriwa na watu waliosomea lugha hii. Wakiandika huku chini, msomaji atabaki huko chini. Wakiandika uke, uume, lengelenge na mchonyoto, kwa kalamu yenye heshima, watakuwa wamempa mama yule wa miezi minane sentensi nne za kusema mbele ya tabibu. Mtoto wake atazaliwa kwa sentensi hizo. Mficha uchi hazai, na asiyepewa maneno hana budi kuficha.